Kahawa Niliyoiacha Ansab

Siku yangu ya kwanza kazini niliona dele zima la kahawa, birika refu la shaba, likirudishwa lilikotoka. Lilikuwa limeletwa na dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Sib, pembeni ya Maskati, pamoja na halwa ya zafarani iliyokuwa bado ina uvuguvugu, na harufu yake ilishajaa ukumbini kabla hata sijaonyeshwa meza yangu. Mkuu wa Ofisi alitoka chumbani kwake, akalitazama lile sinia, akauliza, "Ya nani?" Akaambiwa. Akauliza tena, "Ana faili kwetu?" Akaambiwa ndiyo, dogo tu, la mwanawe na gari.

"Mrudishieni," alisema, "na mwambieni Mungu amzidishie."

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mpya?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi nusu ya kazi umeshajifunza. Mwendesha mashtaka hali wala hanywi cha mtu mwenye faili. Hata maji. Hata akifa kwa kiu."

"Akifa yeye au mimi?" nikauliza.

Watu wote ukumbini wakainamia makaratasi yao. Mkuu akanitazama, kisha masharubu yake yakatikisika kidogo. "Huyu atatusumbua," alisema, akarudi chumbani kwake. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwa mtu yule hiyo ilikuwa sifa.

Siku hizi vijana wa sheria wakija kunitembelea hapa Khuwair ya Kusini hawaniulizi habari za dele. Wananiuliza jambo moja, na wanaliuliza kwa sauti ya chini, kama wanaouliza ugonjwa: "Bi Raya, uliwahi kumwombea mtu kifo?" Nawajibu kwamba ndiyo, niliwahi. Kisha nawaambia kwamba hawawezi kuielewa habari hiyo bila kuijua habari ya kahawa, nao hutazamana wakidhani uzee umenianza. Basi naiandika hapa, aisome mwenye nafasi.

Niliingia kazi hii kwa udadisi. Nyumbani kwetu, tuliporudi Oman kutoka Unguja mimi nikiwa mtoto, marehemu mama alikuwa akisema mtoto huyu atamaliza maswali ya dunia na wengine watabaki hawana la kuuliza. Kumbe ipo kazi ambayo mtu analipwa kwa kuuliza. Watu hudhani mwendesha mashtaka ni mtu wa kunyooshea wenzake kidole. Kwa kweli, mashtaka ni sehemu ndogo tu ya mwisho. Kabla yake kuna miezi ya kumwuliza mtu huyu, na jirani yake, na aliyempa chai asubuhi ile. Tena unauliza bila kumwonyesha jibu unalolitaka. Kadri siku zilivyokwenda, mimi nilijizoeza nisilitake jibu lolote. Hilo ndilo gumu.

Sib nilikaa miaka ya kutosha kuzijua ajali zote za barabara ya uwanja wa ndege. Kutoka hapo nilipelekwa ofisi ya bara, milimani, ambako kesi nyingi zilikuwa za mifereji ya maji na mipaka ya mashamba ya mitende, na ambako shahidi mmoja alikataa kula kiapo mpaka mbuzi wake aingizwe kivulini. Halafu Mkuu wangu wa zamani, aliyekuwa sasa Mkuu wa Kitengo cha jinai kubwa hapa Maskati, akaomba niletwe kwake. "Nataka yule anayesumbua," ndivyo alivyosema, kwa maelezo ya karani wake.

Karani huyo jina lake Suleiman, mtoto wa Unguja kama mimi, mnene, mcheshi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa msichana. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika maneno ya watu tuliowahoji. Tukiwa wawili tu tulisema Kiswahili, na Kiarabu tulikirudia mlango ukifunguliwa.

Kitengoni pale nilijifunza tofauti ambayo maisha ya watu hukaa juu yake. Kuna kuua kwa hasira, mkono ukatangulia akili. Na kuna kuua kulikotanguliwa na fikra: mtu ameondoka, ametulia, kisha amerudi. Cha kwanza adhabu yake ni kifungo. Cha pili adhabu yake ni kifo, na hukumu hiyo haitekelezwi mpaka iidhinishwe juu kabisa. Kati ya viwili hivyo huwa pana pumzi chache tu. Kazi yetu ilikuwa kuzitafuta pumzi hizo na kuona mtu alizitumiaje.

Ndipo akaja Shabani.

Alikuwa kijana wa Korogwe, fundi wa gereji huko Sib. Gereji ilikuwa ya familia moja iliyokaa Ansab, hapa mjini, wenye asili ya bara la Oman, na aliyewasimamia mafundi alikuwa kitindamimba wa nyumba hiyo, Yahya. Adhuhuri moja Yahya alimtukania Shabani mama yake mbele ya wenzake. Shabani akaondoka. Akarudi na spana ya magurudumu. Yahya hakufika hospitali.

Mkalimani rasmi alikuwepo chumbani, lakini Shabani alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu alishasikia namwambia Suleiman asogeze kiti.

"Baada ya kutukanwa ulikwenda wapi?" nilimwuliza.

"Bombani, mama."

"Kufanya nini?"

"Kunawa uso."

Kalamu ya Suleiman ilisimama. Sote wawili tulilijua bomba lile. Lilikuwa nyuma ya gereji, mtu apite magari matatu mabovu ndipo alifikie, na apite hayo hayo kurudi.

"Kwa nini ulinawa uso?"

"Nilikuwa nalia. Sikutaka wanione nalia."

"Na spana?"

"Niliichukua wakati wa kurudi."

Nikamwambia Suleiman aandike yote, uso na machozi pamoja. Tulipotoka nje alijifuta jasho. "Bibi, mtoto huyu kajimaliza mwenyewe. Angesema tu hakumbuki!"

"Hakuna aliyemwuliza kama anakumbuka. Nilimwuliza alikwenda wapi."

"Ndiyo maana watu hawakualiki harusini," alisema, lakini hakucheka.

Nilimpelekea Mkuu maelezo yale. Aliyasoma akiwa amesimama. "Kijana huyu unamwonea huruma?"

"Ndiyo."

"Na aliyekufa?"

"Naye pia."

"Vizuri. Ukimwonea mmoja tu, nitakunyang'anya faili."

Shtaka nililoandika lilikuwa la kuua kwa kukusudia na kufikiri kabla. Hiyo ndiyo maana ya kusema niliwahi kumwombea mtu kifo.

Lakini katika sheria yetu mwisho wa jambo kama hili hauko mikononi mwa serikali peke yake. Jamaa wa karibu wa aliyeuawa, warithi wa damu, wana haki ya kuchagua. Wanaweza kutaka kisasi cha sheria, aliyeua naye auawe, au wanaweza kusamehe, kwa diya, yaani fidia ya damu, au bila ya diya. Wakisamehe, adhabu ya kifo huanguka na hubaki kifungo. Kwa hiyo faili halikamiliki mpaka warithi waulizwe, na waulizwe kwa maneno makavu, bila kuvutwa huku wala kule. Baba yake Yahya alikuwa keshafariki. Alibaki mama, na kaka mkubwa, Khalfan, aliyesema neno la mama ndilo la nyumba. Mama yule miguu ilikuwa haimchukui tena. Badala ya kumwita ofisini, tukamfuata kwake.

Nyumba yao Ansab ilikuwa juu ya kilima cha mawe, yenye baraza la wageni ambalo wenyewe huliita sabla. Tuliwakuta wazee wa ukoo wamekaa kandokando ya kuta, na Mama Yahya kwenye kiti karibu na mlango wa ndani, barakoa ya kimila usoni, mikono juu ya magoti. Khalfan akatumiminia kahawa. Sinia la halwa likasogezwa mbele yetu, halwa yenyewe nyeusi, inang'aa, lozi juu yake.

Nikakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, nikashukuru, nikakiweka kwenye zulia mbele yangu. Suleiman akafanya vivyo hivyo, akainamisha kichwa upande wangu.

"Bibi," alinong'ona kwa Kiswahili, "halwa ile inaniita kwa jina."

"Usiitike."

"Inaniita na jina la baba."

Nilinyamaza ili niyapange maneno yangu. Swali la sheria lina maneno yake na nilitaka niyaseme sawasawa. Nikaanza kwa kumwomba Mama Yahya anieleze kidogo habari za mwanawe, kama nilivyozoea, maana mtu akishasema mawili matatu husikia vizuri zaidi swali linalofuata. Alisema Yahya alikuwa haji kula mpaka aitwe mara tatu. Mara ya kwanza hujifanya hasikii. Mara ya pili huitika na asije. "Hata alipokuwa mtu mzima ana ndevu," alisema. "Sasa namwita mara tatu, halafu nakumbuka."

Wazee wakavitazama vikombe vyetu. Mmoja wao akakohoa. Khalfan alikuwa amesimama na dele mkononi, mishipa ya shingo imemtoka, na nikadhani ni uchungu wa nduguye. Mama Yahya naye akavitazama vikombe, kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

Kabla sijalitoa swali langu akasema, "Nimemsamehe. Andikeni."

Akaanza kulia. Wanawake wakatoka ndani, akatia dole gumba kwenye karatasi ya Suleiman, akachukuliwa. Wazee wakasimama, nasi tukasimama. Kahawa ilibaki pale pale imepoa.

Garini Suleiman alikuwa anapiga usukani kwa furaha. "Amesamehe, bibi! Hata hujamwuliza!"

"Hilo ndilo linalonishughulisha," nilimwambia. "Kwa nini amenijibu na sijamwuliza?"

Nilikwenda nalo swali hilo mpaka kwa Mkuu wa Kitengo. Alinisikiliza, akinyoosha masharubu. Yeye mwenyewe ni mtu wa bara, amelelewa kwenye sabla za namna hiyo. Ghafla akaniuliza, "Mlipewa kahawa?"

"Tulipewa."

"Mkanywa?"

"Tutanywaje, Mkuu? Si amri yako?"

Alifumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua anacheka, kisha kicheko kikakatika kama maji yaliyofungwa. "La ilaha illa Llah. Watu wa Unguja wawili, na kikombe. Kaa chini, ustadha."

Ndipo aliponieleza. Kwa watu wa bara, mgeni mwenye haja kubwa haisemi kwanza. Hupokea kahawa, akaiweka chini bila kuigusa. Mwenye nyumba akikiona kikombe kimekaa, anajua kimekuja na ombi. Akikubali humwambia: kunywa, ulilolijia umelipata. Na haja kubwa kuliko zote inayopelekwa hivyo, na ujumbe wa wazee wa heshima, ni kuombea msamaha wa damu.

"Sisi kwetu kahawa ni kahawa," nilisema. Nilikuwa nakumbuka barazani Unguja, visahani na kashata. Na sabla hizi ni za wanaume. Ningelijulia wapi?

"Wao hawakuwaona Raya na Suleiman," Mkuu alisema. "Waliiona serikali imekaa mbele ya kikombe inawaombea muuaji. Mama yule amedhani ametumiwa ujumbe kutoka juu."

"Kwa hiyo msamaha ule..."

"Faili ni lako," alisema, akafungua kabrasha jingine.

Simu ilikuja kesho yake. Alikuwa bwana mmoja mkubwa wa ofisi nyingine kabisa, ambayo sitaitaja, mwenye sauti tamu kama asali ya mlimani. "Binti yangu, nimesikia ya Ansab. Mashallah! Ubalozi wa nchi ya kijana huyo ulikuwa unauliza, magazeti ya nje yalikuwa yanauliza, na sasa jambo limekwisha kwa kheri. Liache lilale."

"Kuna kitu kidogo nataka kukihakikisha, mheshimiwa."

"Binti yangu." Utamu ulipungua kidogo sautini. "Mtu anaishi, mama amesamehe, nchi imepumua. Unahakikisha nini?"

Nilimshukuru, nikaiweka simu chini. Na mkisoma hapa msidhani nilikuwa na moyo wa chuma. Nilitaka Shabani aishi. Nilikuwa nimemwandikia shtaka la kifo kwa mkono huu, na usiku nilikuwa naisikia sauti yake ikisema bombani, mama. Mlango ulikuwa umefunguka wenyewe, na mimi ndiye niliyetaka kwenda kuujaribu kama umefunguka kweli.

Nilikwenda gerezani kwanza. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Aliingia chumba cha mahojiano akiwa amenyoa, na akanisalimia kama mtu aliyeamka kutoka homa.

"Mama, ni kweli wamenisamehe?"

Nikamweleza yote. Kikombe, sabla, desturi. Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi, mbele ya wakili wake, kwa sababu niliona ni haki yake kujua. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Kurudi nimwambie ukweli."

"Usirudi." Alishika ukingo wa meza. "Mama, nakuomba, usirudi. Mwache aamini. Anapungukiwa nini akiamini?"

Wakili wake alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Nami nikarudi ofisini nikaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi.

"Mheshimiwa fulani amenipigia, ameniambia niache. Shabani ameniomba niache. Na mimi mwenyewe nataka kuacha."

"Mheshimiwa ana ofisi yake," alisema Mkuu. "Akikupigia tena mpe namba yangu. Shabani anapigania roho yake, usimlaumu. Umebaki wewe."

"Ni kikombe tu, Mkuu. Kosa la kikombe, na kosa lenyewe limemwokoa mtu."

"Leo serikali imekaa mbele ya kikombe mtu akapona. Kesho itakaa mbele ya kikombe kingine, itataka mtu afe, na mama mwingine ataona haya kuikatalia. Utamwambia nini huyo? Kwamba sisi tunasukuma upande mzuri tu?"

Nililichukua faili langu nikasimama.

"Safari hii," alisema, "kunywa."

Tulirudi Ansab mimi na Suleiman. Wazee walikuwa wachache. Khalfan akamimina, na kabla ya salamu kwisha nilikiinua kikombe changu nikakinywa chote. Kilikuwa kichungu, chenye iliki nyingi. Nikakinyoosha, akanijazia tena. Nikanywa tena. Halafu nikakitikisa kidogo, kama afanyavyo mtu aliyetosheka, nikamrudishia.

Wazee wakakifuata kwa macho kile kikombe.

Mama Yahya ndiye aliyesema. "Kwa hiyo hukuja na haja."

"Sikuwa na haja, mama. Wala sikutumwa na mtu. Siku ile nilikiacha kikombe kwa sababu ya sheria za kazi yetu, na desturi yenu sikuijua. Nilikuja kukuuliza tu unataka nini. Neno ulilosema halikufungi."

"Umetuchezea!" Khalfan alipiga dele chini, kahawa ikaruka juu ya zulia. "Serikali nzima imekaa mbele ya kikombe chetu, nani wa kuikatalia? Mama yangu ameumwa siku zote hizi kwa neno alilolitoa kwa heshima yenu, sasa mnamwambia mlikuwa mmefunga saumu!"

"Khalfan," alisema mama yake.

"Mwache aseme, mama," nilisema. "Ana haki."

Mama Yahya alimwashiria mwanawe akae. Kisha akauliza, si kwa hasira, bali kama anayetaka kujua: "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi."

"Na kijana yule anajua kwamba umekuja?"

"Anajua. Ameniomba nisije."

Aliyatafakari hayo. "Basi lifuteni neno langu," alisema mwishowe. "Nitasema mbele ya kadhi."

Suleiman aliandika kwamba mrithi ameondoa msamaha wake. Alikuwa amechukua kipande cha halwa, kile alichokitamani mara ya kwanza, kwa kuwa safari hii nilimruhusu. Alikishika mkononi mpaka garini, mpaka ofisini, bila kukila.

Kesi ilichukua miezi. Mheshimiwa hakunipigia tena, ila nilisikia alivyoniita, na siwezi kuliandika neno hilo. Mbele ya majaji nilisimama nikasoma shtaka langu lote, bomba, magari matatu mabovu, spana. Nilisoma na yale ya machozi. Shabani alipoulizwa kama ana la kusema, alisema alitukaniwa mama, na kwamba hilo halimrudishi Yahya.

Kisha Mama Yahya akasukumwa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu. Jaji mkuu akamweleza haki zake polepole, neno kwa neno, akamwuliza anataka nini. Yeye alinigeukia mimi kwanza. Tulitazamana kwa muda, mimi na yeye, na ninaapa sikutikisa hata kope.

"Hakuna aliyeniomba, sheikh," alimwambia jaji. "Andikeni hivyo kwanza."

Karani wa mahakama akamtazama jaji. Jaji akaashiria: andika.

"Mmeandika?"

"Tumeandika, mama."

"Sasa andikeni, nimesamehe."

Khalfan alitoka nje. Shabani hakuelewa mpaka mkalimani alipomwinamia, akaanguka kwenye kiti kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Alifungwa miaka mingi, na mpaka leo yumo. Mimi nilikusanya makaratasi yangu. Nilikuwa na swali moja tu duniani, kwa nini, na nilikuwa sina ruhusa ya kuliuliza. Nilikwenda nalo mpaka siku niliyostaafu. Mkuu alikuwa ametangulia kustaafu. Suleiman aliniletea sinia la halwa siku ya kuniaga, akasema, "Sasa huna faili la mtu, bibi. Kula."

Kustaafu ni jambo la ajabu. Simu inanyamaza. Mtu anakuletea samaki na huna haja ya kumwuliza ana kesi gani. Nimegundua kwamba maisha yangu yote niliishi katika mji huu kama mgeni aliyekataa kahawa, na sijutii, lakini nimeanza kuinywa sasa, nyumba hadi nyumba, na ninawaambia vijana wa sheria kwamba umri wa kunywa utafika, wasiufanyie haraka.

Mwaka jana, baada ya Idi, gari lilisimama mlangoni kwangu. Alikuwa Mama Yahya. Msichana wake wa kazi alimsukuma mpaka sebuleni. Khalfan alibaki garini, kioo kimefungwa.

Nilimsalimia, nikamwuliza miguu, akaniuliza moyo. Nikammiminia kahawa. Alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akashukuru, akakiweka mezani mbele yake.

Tukazungumza habari za joto. Kikombe kimekaa. Tukazungumza habari za bei ya mchele. Kikombe kimekaa, mvuke umekwisha juu yake. Wallahi nilichelewa. Mimi, niliyepaswa kukijua kikombe hicho kuliko mtu yeyote Maskati, nilikuwa nakaribia kumwuliza kama ni baridi nimmiminie kingine. Kisha nikaona anavyonitazama, nikaelewa.

"Mama," nilisema, "una haja."

"Nina haja. Nimengoja uache kazi ndipo nije nayo. Nilijua ukiwa na kazi huwezi kuipokea."

"Ni haja gani?"

Akatoa kipande cha karatasi kwenye mkoba. Kulikuwa na namba ya simu, ya Tanzania. "Khalfan ameipata gerezani. Alikwenda mwenyewe. Usiniulize vipi, nami sijamwuliza." Alikinyoosha kile kipande. "Kijana yule ana mama. Mimi lugha yao siijui. Wewe unaijua."

Nilikichukua. "Kunywa, mama," nilimwambia. "Ulilolijia umelipata."

Akakiinua kikombe, akanywa.

Simu ilikuwa inalia upande wa pili kwa muda mrefu. Mwishowe ikapokelewa na mwanamke, sauti ya mtu mzima, nyuma yake kuku na mtoto anayelia. Nikajitambulisha. Nikamwambia ninaye hapa mama wa Yahya, anataka kusema naye, na mimi nitakuwa katikati tu. Kisha nikasikia akimfukuza yule mtoto nje, na mlango ukafungwa.

"Mwambie namsikiliza," alisema.

Nikamgeukia Mama Yahya. Nilidhani atasema habari za msamaha, au za Mungu, au atalia. Alikiweka kikombe chini.

"Muulize," alisema, "mwanawe akiitwa kula, alikuwa anaitwa mara ngapi?"

Nikalitafsiri swali hilo, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa.

"Shabani?" alisema mwanamke yule. "Huyo alikuwa haitwi. Alikuwa ameshakaa jikoni kabla chungu hakijaepuliwa."

Nikamwambia Mama Yahya. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la jambo alilolifikiri siku nyingi, akaninyooshea kikombe nimjazie tena.